Farasi Tisa na Nusu

Bi Dolores aliniuzia kwa dola arobaini,
pamoja na tangi jekundu na onyo:
"Marehemu aliitukana kila Jumamosi, hadi ikamzoea."
Mashine ya mwaka sabini na moja, farasi tisa na nusu,
rangi imebanduka mabegani,
na kwenye mpini wa usukani, mpira umelika
kwa umbo la kiganja cha mtu nisiyemjua.

Inawaka. Hilo ndilo linaloudhi.
Ingekuwa imekufa, ningeizika.
Inawaka kwa mvuto wa tatu, inakohoa moshi,
inatulia, inashona maji kama cherehani,
tunayapita maboya, tunaukaribia mnara wa taa
pale ghuba ya Erie inapofungukia ziwani,
nazungusha mpini kidogo tu
na inakata pumzi, kama mtu aliyeitwa jina lake
na sauti asiyotaka kuisikia.

Nilianza na plagi, kama kila mtu.
Ya juu kavu, rangi ya ganda la karanga.
Ya chini imelowa.
Nikaweka mpya, nikasugua platini kwa msasa,
cheche ikaniuma hadi kiwikoni. Basi, cheche ipo.
Nikafungua kabureta juu ya meza ya kulia chakula;
Nabintu hakusema neno, alihamisha sahani.
Ndani, petroli ya zamani imegeuka ulimbo wa kijani.
Nikazibua vitundu kwa uzi mmoja wa waya,
nikapuliza, nikahesabu skrubu, ikabaki moja,
nikafungua tena.

Asukulu alinishikia tochi.
Ana miaka kumi na sita na mikono mirefu kuniliko.
Shule je? Poa.
Mbona umeacha mpira? Basi tu.
Nani anakupigia usiku wa manane?
Hakuna.
Nikauliza zaidi, na tochi ikaanza kumulika ukuta.

Jumamosi tukarudi majini. Mwezi wa tano, upepo bado unachuna masikio.
Palepale, karibu na mnara, ikaanza kufa.
"Minya kile kipira!" nikapiga kelele.
Akaminya, ikafufuka. Akaacha, ikazimia.
Tulirudi hivyo hadi gatini, mwanangu akiwa moyo wa injini,
minya, acha, minya,
na wazee wa Kipolandi waliokuwa wakivua wakavua kofia.
"Kigumu, Baba," akasema. "Petroli imo. Haiendi tu."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi ule.

Nikaukata mpira wa mafuta kwa kisu.
Nje ulikuwa mweusi, unang'aa, bila ufa;
ningeapa mbele ya hakimu kwamba ni mzima.
Ndani, ngozi yake ilikuwa imebambuka
na kuning'inia kama kope.
Ukiusukumia mafuta taratibu, unapisha.
Injini ikiyavuta kwa pupa, ile kope inafumba.
Na kadiri inavyovuta, ndivyo inavyofumba.

Nilikuwa na methali tayari mdomoni.
Nikamtazama, naye anachungulia kile kipande cha mpira
kwa jicho moja, kuelekea kwenye taa,
nikaimeza.

Futi sita za mpira mpya. Vibanio vinne.
Dola kumi na nane na senti, kwa ugonjwa
niliokuwa nimeutafuta wiki tatu mahali pengine.

Jana nimempa mpini. Nimekaa mbele, nimempa mgongo.
Maboya, mnara, kisha ziwa lote, la kijivu, halina mwisho.
Akafungua hadi mwisho, ikaitika.
Plagi ya chini bado inalowa kidogo. Tutaiangalia.

Mahali fulani nje ya ghuba akaanza kusema,
"Unajua yule kocha, Baba, siku ile..."
Mlio ukala nusu ya maneno, upepo ukachukua robo.
Sikugeuka. Sikumwambia apunguze.
Niliegemea nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta jua.